Ng'ombe na Binadamu katika Kesi ya Maji ya Milwaukee

Mwanadamu na mifugo yake hushirikiana mambo mengi, lakini hapana wanaloshirikiana zaidi kuliko maji. Mto unaonyweshewa ng'ombe asubuhi ndio unaotekwa maji ya kupikia jioni, na bonde wanamolishwa mbuzi ndilo linalopeleka maji ya mvua katika ziwa la mji. Kwa sababu hiyo, maradhi yanapotoka majini, swali la kwanza huwa moja: nani aliyeyachafua? Na kwa kuwa mnyama hana ulimi wa kujitetea, aghalabu jibu hupatikana upesi kuliko ushahidi. Insha hii yakusudia kueleza kesi moja ya namna hiyo, iliyotokea katika mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1993. Ng'ombe alitiwa katika orodha ya washtakiwa, na miaka minne baadaye elimu ya vinasaba ilianza kuugeuza mwendo wa shauri.

Milwaukee uko kando ya Ziwa Michigan, na maji yake ya kunywa hutoka katika ziwa hilo. Zamani hizo vituo viwili vilikuwa vikiyasafisha, kimoja upande wa kaskazini na kimoja upande wa kusini. Mwishoni mwa majira ya baridi theluji iliyeyuka, mvua nzito zikanyesha, na mito ikafurika kuelekea ziwani. Katika kituo cha kusini, kipimo cha ukungu wa maji yaliyokwisha kusafishwa kilipanda mpaka 1.7 tarehe 28 na 30 Machi, jambo lisilokuwa la kawaida mahali pale. Kituo hicho kilikuwa kimeacha kutumia shabu, dawa ya tangu kale ya kugandisha uchafu ili uzame, na kushika dawa nyingine ya namna ya aluminiamu ambayo mafundi wake walikuwa bado hawajaizoea. Hata hivyo maji yale hayakuvunja sheria yoyote ya siku zile. Yalipita katika machujio, yakatiwa klorini, yakapelekwa majumbani.

Tarehe 5 Aprili habari zikaanza kukusanyika. Walimu na wanafunzi hawakuonekana shuleni, wauguzi hawakufika hospitalini, na maduka ya dawa yaliishiwa na dawa za kuzuia kuhara. Tarehe 7 Aprili maabara mbili zilikuwa zimekwisha kukuta kijidudu cha namna moja katika choo cha watu wazima saba, na usiku wa siku hiyo watu wa mji wakaamriwa kuchemsha maji kabla ya kuyanywa. Siku mbili baadaye kituo cha kusini kikafungwa. Wataalamu walipofanya hesabu kwa kuwauliza watu kwa simu, walikadiria kwamba watu 403,000 walikuwa wameugua. Vijiyai vya kijidudu kile vilikutwa hata katika mabonge ya barafu yaliyogandishwa kwa maji ya bomba siku zile, na barafu hiyo ikawa kama shahidi aliyehifadhiwa bila kukusudiwa. Walio wengi walipona wenyewe baada ya siku kadhaa za dhiki. Lakini katika miaka miwili iliyofuata vyeti vya vifo 54 vilitaja maradhi hayo, na kadiri ya asilimia 85 ya marehemu hao walikuwa wagonjwa wa UKIMWI. Kwao tumbo la kuhara halikuwa dhiki ya wiki moja. Lilikuwa mauti.

Nani basi aliyetia sumu hii katika ziwa? Washukiwa walitajwa watatu: mashamba ya ng'ombe yaliyo kandokando ya mito inayoingia katika bandari ya mji, machinjio, na maji taka ya binadamu. Haikusemwa na hakimu yeyote kwamba ng'ombe ana hatia, ila fikira za wengi zilimwelekea yeye. Ili tufahamu kwa nini, hatuna budi kurudi nyuma na kutazama historia ya kijidudu chenyewe, maana hukumu ya watu ilitoka katika jina lake.

Mtu wa kwanza kuona viumbe vya namna hii alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft, Uholanzi. Mwaka wa 1681, alipokuwa akiumwa tumbo, alitazama choo chake mwenyewe kwa kioo alichokisugua kwa mkono wake, akaviona vijinyama vikitembea. Wataalamu wa leo wasadiki kwamba alichokiona ni jiardia, ndugu wa mbali wa kijidudu cha Milwaukee katika kazi ya kusumbua matumbo. Kijidudu cha Milwaukee chenyewe kilikaa gizani zaidi ya karne mbili. Mwaka wa 1907 Ernest Edward Tyzzer, mwanazuoni wa Boston, alikikuta katika tezi za tumbo la panya, akakiita Cryptosporidium, jina lenye maana ya mbegu iliyofichika. Mwaka wa 1912 akaeleza aina ya pili, ndogo zaidi, aliyoikuta katika utumbo mwembamba wa panya, akaipa jina la Cryptosporidium parvum, yaani kile kidogo. Sisi tutakiita kriptosporidiamu.

Kwa muda wa miaka mingi hapana aliyekijali. Kilikuwa kitu cha panya, na panya hana daktari. Mwaka wa 1955 kilionekana katika bata mzinga, na mwaka wa 1971 katika ndama mwenye kuhara. Hapo waganga wa wanyama wakaanza kukitazama, kwa maana ndama anapokufa mfugaji hupoteza mali. Mwaka wa 1976 kikakutwa katika binadamu, katika taarifa mbili mbalimbali, mojawapo ikiwa ya mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyekaa shambani katika jimbo la Tennessee. Kisha ukaingia UKIMWI. Mwaka wa 1982 ilitangazwa kwamba wanaume 21 wa miji mbalimbali ya Marekani, wote wagonjwa wa maradhi hayo mapya, walikuwa wakihara bila kukoma kwa sababu ya kriptosporidiamu. Wakati huo huo watu walioshika ndama wagonjwa nao wakaugua, na njia ya kutia rangi iliyokuwa ikitumika kutafutia vijidudu vya kifua kikuu ikageuzwa kidogo ili kuvionyesha vijiyai hivi kwa wekundu wake. Basi kila hospitali yenye hadubini ikaweza kuviona.

Lakini kuona si kutambua. Kijiyai cha kriptosporidiamu ni kiduara cha upana wa milimita tano za elfu, hata vijiyai mia mbili vikipangwa mstari mmoja havitimizi ila milimita moja. Cha mtu na cha ndama havina tofauti yoyote machoni pa mwenye kutazama. Kwa hiyo wataalamu walivitia vyote katika jina moja la Cryptosporidium parvum. Jina hilo likawa kama nguo moja iliyowafunika watu wawili. Ikiwa kilicho katika tumbo la mtu na kilicho katika tumbo la ndama ni kitu kimoja, na ikiwa ndama mmoja mgonjwa aweza kutoa vijiyai kwa mabilioni katika siku moja, basi ni nani tena wa kushukiwa mji unapougua? Hoja hii ilikuwa nzuri kwa mpango wake. Kosa lake lilikuwa katika neno la kwanza, lile neno la kusema kwamba ni kitu kimoja.

Lazima pia tueleze kwa nini kijidudu hiki kiliweza kupita katika mikono ya mafundi wa maji. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini miji mingi iliweka tumaini lake katika klorini, na klorini iliua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, ikaokoa roho zisizohesabika. Kijiyai cha kriptosporidiamu kina ganda gumu lisilojali klorini ya kiasi kinachoweza kunywewa na mtu. Ndani ya ganda mna viini vinne vinavyongoja kumezwa. Wakishafika utumboni ganda hupasuka nao hutoka. Kinga ya mji basi ni chujio peke yake, na chujio likilegea siku mbili tatu wakati wa mafuriko, mlango u wazi. Jambo hilo Waingereza walikuwa wamekwisha kulionja mwaka wa 1989 katika sehemu za Swindon na Oxfordshire, na Wamarekani wenyewe mwaka wa 1987 katika mji wa Carrollton, Georgia, walikougua watu wapatao 13,000.

Sasa twaja kwenye chombo kilichobadili mwendo wa kesi. Kila kiumbe hubeba ndani ya chembe zake maandishi ya nasaba yake, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zilizopangwa kwa mfuatano mrefu. Katika kriptosporidiamu herufi hizo ni kadiri ya milioni tisa, nazo zimegawanyika katika kromosomu nane. Viumbe viwili vyaweza kufanana kwa sura na kuhitilafiana kwa maandishi, kama vitabu viwili vyenye jalada moja. Shida ilikuwa namna ya kuyasoma maandishi ya kitu kidogo kiasi hiki, kinachopatikana kwa uchache katika choo au katika pipa la maji. Shida hiyo iliondolewa na Kary Mullis, aliyebuni mwaka wa 1983 njia ya kunakili kipande kimoja cha nasaba tena na tena kwa mnyororo wa polimerasi, hata kipande kimoja kikawa mamilioni. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1993, mwaka ule ule wa maafa ya Milwaukee.

Kwa njia hiyo wataalamu walianza kuvilinganisha vijiyai vya watu na vya ng'ombe. Mwaka wa 1997 kundi moja la watafiti wa Marekani lilitangaza matokeo ya sampuli 39 zilizotoka kwa watu na kwa ng'ombe. Sampuli zile ziligawanyika makundi mawili bila ya kuchanganyika. Kundi la kwanza lilikutwa katika binadamu tu, na lilipojaribiwa kwa ndama na kwa panya halikuwashika. Kundi la pili lilikutwa katika ndama, na pia katika watu waliokuwa wamegusana na ng'ombe au kula na kunywa vitu vilivyochafuliwa. Sampuli za wagonjwa wa Milwaukee zilizokuwa zimehifadhiwa zilipopimwa, ziliangukia katika kundi la kwanza, kundi la binadamu.

Msomaji aone uzito wa neno hili. Miaka minne mtuhumiwa alikuwa akitazamwa malishoni, ilhali alama za vidole zilizoachwa mahali pa tukio zilikuwa za mwenye kumtazama. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule. Mwaka wa 2002 kundi la kwanza lilipewa jina lake lenyewe, Cryptosporidium hominis, yaani kriptosporidiamu ya mtu, na la pili likabakia na jina la parvum. Mwaka wa 2003 uchunguzi wa maji taka ya Milwaukee yenyewe ulilinganisha vinasaba vya vijiyai vilivyokuwamo na vile vya wagonjwa wa 1993, nao ukaelekea upande ule ule. Mwaka wa 2004 maandishi yote ya nasaba ya vijidudu hivi viwili yalisomwa na kuchapishwa. Yakaonekana yamehitilafiana kwa kadiri ya herufi tatu mpaka tano katika kila mia. Ni tofauti ndogo kwa hesabu, lakini yatosha kumzuia mmoja asiingie kwa urahisi katika nyumba ya mwenziwe.

Hata hivyo, haki yataka kusema na upungufu wa ushahidi. Watu waliougua walikuwa mamia ya maelfu, na sampuli zilizobaki za kupimwa zilikuwa chache mno. Tena baadaye C. hominis imeonekana mara chache katika wanyama, kwa hiyo ukuta kati ya makundi mawili haukujengwa kwa chuma. Linaloweza kusemwa kwa uaminifu ni kwamba, kwa ushahidi uliopo, maji taka ya binadamu ndiyo yanayoelekea zaidi kuwa chanzo cha maafa ya Milwaukee, na kwamba shitaka la ng'ombe halikupata shahidi hata mmoja katika vinasaba. Hukumu ya namna hii ni ya mizani. Haina budi kubaki wazi kwa mizani iliyo bora zaidi.

Wengine huenda wakauliza: mwisho wa yote, kuna faida gani kujua mkosaji, ikiwa wagonjwa wamekwisha kuugua na wafu wamekwisha kuzikwa? Faida yake ni dawa. Ukiamini kwamba chanzo ni ng'ombe, utajenga ua kando ya mto, utawaondoa wafugaji bondeni, na mwaka ujao mji utaugua vile vile, kwa kuwa mfereji wa maji taka hukuugusa. Ukijua kwamba chanzo ni mtu, utatazama mabomba yako mwenyewe, mahali yanapomwagia na mahali unapotekea. Milwaukee ilifanya hivyo. Ilirefusha bomba lake la kutekea maji kuelekea ndani zaidi ya ziwa, ikatengeneza upya machujio, na tangu mwaka wa 1998 ikatumia ozoni, hewa kali iwezayo kukishinda kijiyai ambacho klorini haikukishinda.

Lakini asidhani msomaji kwamba elimu hii ilizaliwa ili kumtetea ng'ombe. Mwaka wa 2001 Uingereza ilipatwa na maradhi ya miguu na midomo ya mifugo, na zaidi ya wanyama milioni sita wakachinjwa, na mashamba na njia za mabonde zikafungwa watu wasipite. Mwaka huo wagonjwa wa kriptosporidiamu walipungua, hasa upande wa kaskazini-magharibi, na upungufu ulionekana katika aina ya parvum. Hapo mifugo ilishuhudia dhidi ya nafsi yake kwa kutokuwapo. Mwaka wa 2008, katika bwawa la Pitsford huko Northamptonshire, watu wapatao robo ya milioni waliamriwa kuchemsha maji, na wachache miongoni mwao waliugua. Vinasaba vilipopimwa havikuwa vya mtu wala vya ng'ombe, bali vya aina ya sungura, na sungura mmoja aliyekufa alikutwa ndani ya tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa. Na mwaka wa 2010 katika mji wa Östersund, Uswidi, watu wapatao 27,000 waliugua kwa C. hominis, mtu tena. Kesi tatu, wakosaji watatu mbalimbali, na hadubini isingeweza kumtenga hata mmoja na mwenziwe.

Siku hizi wataalamu husoma hata ndani ya aina moja. Iko protini moja ya juu ya kijidudu, iitwayo gp60, ambayo katika kinasaba chake neno la herufi tatu hurudiwarudiwa kama kibwagizo. Mtaalamu huhesabu neno hilo limerudiwa mara ngapi na kwa tahajia gani, kisha huandika hesabu hiyo kuwa jina. Ukoo uitwao IbA10G2, wenye tahajia moja mara kumi na nyingine mara mbili, ndio uliokutwa Östersund, na ndio uliohusishwa na Milwaukee. Kadhalika jiardia ya Leeuwenhoek imegawanywa makundi kwa herufi: A na B hushika watu na wanyama pia, C na D mbwa, E ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, F paka. Mfugaji anayesikia kwamba ndama wake wana jiardia haimpasi kutaharuki kabla hajaambiwa ni ya herufi gani.

Habari hizi hazitukai mbali sisi wa Afrika Mashariki. Utafiti mkubwa juu ya kuhara kwa watoto, uliotangazwa mwaka wa 2013, ulifanywa katika nchi saba, na mahali pake pamoja palikuwa magharibi ya Kenya. Kriptosporidiamu ilihesabiwa miongoni mwa vyanzo vinne vikuu vya kuhara kukali, na kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja ilikuwa ya pili baada ya rotavairasi. Katika nyumba nyingi za nchi zetu ndama hulala hatua chache kutoka mlango wa jiko, na ni rahisi kumwonyesha kidole. Lakini uchunguzi wa vinasaba vya sampuli za watoto wa Kenya, uliotangazwa mwaka wa 2006, ulikuta kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa C. hominis. Tena katika aina ya parvum yenyewe uko ukoo uitwao IIc, unaoonekana Afrika, ambao hupita kutoka mtu kwa mtu ijapokuwa una jina la kijidudu cha ndama. Maana yake ni kwamba mama anayeambiwa amfunge ndama mbali, na asiambiwe habari ya choo, mikono na kisima, amepewa nusu ya shauri, na huenda ikawa ile nusu ndogo.

Wala usemi huu haumwondolei mfugaji wajibu wake. Ndama anayehara bado ni hatari kwa anayemsafishia zizi, na maji ya mto bado yataka kuchemshwa. Ila kila mahali pana mkosaji wake, na hapana budi aulizwe mahali hapo hapo, si kukisiwa kwa kesi ya kwingine. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na katika bahari ndogo namna hiyo, ndani ya tone moja lisiloonyesha uchafu wowote, huelea maandishi yanayosema yametoka kwa nani. Yalikuwamo majini mwaka wa 1993, watu wa Milwaukee walipokunywa. Yaliyokosekana ni macho ya kuyasoma, na ulipokosekana ushahidi, dhana ilishika nafasi yake na kumtazama ng'ombe.

Macho hayo sasa yapo, lakini hayapo kila mahali. Hospitali nyingi za vijijini kwetu zina hadubini, na nyingine hazina hata hiyo. Kwa hiyo shauri la nani achafuaye maji litaendelea katika sehemu nyingi kuamuliwa kama lilivyoamuliwa zamani, kwa jina na kwa sura. Mwanafunzi wa leo atakayefanya kazi katika maabara ya kesho na akumbuke kwamba mbele yake haletewi choo na maji tu. Huletewa mashitaka, na katika mashitaka hayo wamo wasioweza kusema: ndama zizini, na mtoto mchanga ambaye mwili wake unakauka kabla hajajua kulitamka neno maji.